Siku Majani ya Chai Yaliposhikwa na Homa

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipokaribia kuharibu chai ya kijiji kizima kwa sababu ya kitabu. Cheka, ruhusa unayo. Hata mimi hucheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vya siasa vimerudi, na watu walianza kusema hadharani mambo waliyokuwa wakinong'ona. Mimi shule niliiacha darasa la saba na miguu yangu haikujua kutulia. Leo nachuma chai Kapkatet, mwezi ujao nachunga ng'ombe Sigor, halafu nimehama tena. Vitabu tu ndivyo sikuviacha popote. Kile cha siku hiyo nilikipata kwa mama mmoja Mkikuyu aliyeuza mitumba sokoni Kapkatet.

"Kichukue tu, kijana," aliniambia. "Kurasa za mwisho zimeng'oka. Nani mwingine atakitaka?"

Kilisimulia wakata miwa wa kisiwa cha mbali, jinsi walivyojifunza kusoma kwa siri, wakaanza kuiwaza nchi ambayo haikuwepo bado. Mwanangu, nilikisoma nikitembea, nikagonga ng'ombe wa watu.

Nilipopata kazi ya kuchuma karibu na Silibwet, nikawa nawasimulia wanawake kwenye kituo cha kuuzia chai. Walikuwa wakimwaga majani mezani, wakitoa yale magumu, wakisubiri lori la kiwanda. Sura moja kila siku. Wakamwita nyapara wa kile kitabu kwa jina la mwenyekiti wa kamati ya kituo, Arap Sigei, na kila alipotajwa wakaangua kicheko. Kogo Tabutany, yaani nyanya Tabutany, kikongwe wa meno mawili na maswali mia, alikuwa akinikatiza: "Hao wanaume wakiwa mkutanoni, nani anapika?" Kitabu hakikusema.

Basi kicheko kikazaa jambo. Pale kituoni, kamati ndiyo ilipanga nani apime kwanza na nani asubiri mvuani. Lakini namba za chai, zile za usajili wa wakulima kiwandani, ziliandikwa kwa majina ya waume, kwa hiyo waume peke yao ndio waliopiga kura. Wanawake waliochuma na kubeba wakataka viti viwili kwenye kamati. Wakaniuliza wale wa miwa walishindaje.

Hapo ndipo nilipokosea. Kusema kwamba sikujua kungeniletea aibu, basi nikatunga. "Waliketi chini na mazao yao," nikasema kwa sauti nzito, "wakakataa kuyatoa mpaka mabwana wakakubali."

Jumatano hiyo wakafika na vikapu vilivyojaa, wakaketi nyasini.

"Wamama, lori inakuja!" Arap Sigei akapiga kelele.

"Ingoje! Si sisi huwa tunangoja?"

Nilisimama kando, karibu na waume waliokuja kutazama, nimevimba kama jogoo. Ikafika saa sita, jua kali, na Kogo Tabutany akazamisha mkono kikapuni hadi kwenye kiwiko.

"Wewe kijana wa kitabu, kuja uguse."

Nikagusa. Ndani palikuwa moto kama ugali uliotoka jikoni. Majani ya chai yakishindiliwa hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Kila mchumaji analijua hilo. Nami nilikuwa mchumaji! Nilisahau kazi ya mikono yangu mwenyewe.

"Watu wako wa miwa walifanya nini hapa?"

"Sijui, Kogo. Mwisho wake sikuusoma. Nilitunga."

Nilitamani kukimbia hadi Sigor.

"Ungesema hujui," alisema polepole. "Sisi tuna vichwa. Tungetafuta mwisho wetu, na tusingesahau joto la majani." Kisha akavua leso, akaitandika kivulini, akamwaga majani yake. "Haya, tandazeni! Na nyinyi waume, namba si ni zenu? Pigeni magoti!"

Wakapiga, mwanangu! Wazee wenye kofia zao wakawa wanageuza majani katikati ya wanawake, wakiambiwa taratibu, usiponde, wewe hujawahi kushika chai? Arap Sigei mwenyewe jasho likamtoka.

"Mwenyekiti," Kogo akamwita, "hapa nani anaijua chai?"

Akatazama huku na huku. "Ni nyinyi, mama."

"Basi tupige kura sasa hivi."

"Lakini mikono imejaa majani!"

"Inueni nayo."

Mikono ikapaa, ya wake kwa waume, majani yakituangukia vichwani. Wanawake wawili wakaingia kwenye kamati, Kogo mmoja wao. Dereva wa lori alipofika, kwa kuchelewa kama kawaida, chai ilikuwa imepoa, akauliza kama kuna arusi.

Mwanangu, vitabu vya watu waliobadilisha nchi zao visome, vitakufundisha kwamba mambo hayakuwekwa hivi na mbingu. Lakini waambie wenzako unachojua, na usichokijua kiri mapema, kabla hawajaweka jasho lao juu ya neno lako. Anayechuma aulizwe kwanza. Na ukikosea, piga magoti ufanye kazi na wengine, hakuna aibu hapo.

Mungu akupe macho yasiyochoka kusoma na rafiki wasioogopa kukuuliza. Popote utakapolala, ukaribishwe kama mtoto wa nyumba hiyo. Na uishi uone nchi nzuri kuliko hii niliyokuachia, nawe uwe mmoja wa walioijenga.