Nilivyojiongezea Ng'ombe Wawili wa Mahari

Wenzangu pale sokoni Singida mjini wananijua kama mtu asiyelipa bei ya kwanza hata kwa kiberiti, kwa hiyo mtaelewa kwa nini mkasa huu nimeuficha mpaka leo, maana siku ya mahari yangu nilipandisha bei kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Chanzo ni riwaya. Mimi nauza alizeti, vitabu si kazi yangu, lakini muuza vitabu vya mtumba karibu na stendi alikuwa na hadithi moja ya zamani, ya kijana muuza chumvi aliyeanza na punda wa kuazima akaishia kumiliki soko zima, na muuzaji akataka elfu tano. Nikaikagua kama ninavyokagua gunia, nikakuta kurasa za mwisho zimechanika, nikahesabu mabaki yake kwenye mshono mara mbili, kumi na tisa hazipo, nikaondoka nayo kwa elfu mbili nikijiona mjanja kweli kweli.

Jamani, kile kitabu! Nilikisoma juu ya magunia mpaka wateja wakawa wananigusa bega. Yule kijana anapatana kama mimi, anahesabu kama mimi, anaoa binti wa mwalimu, na baba mkwe anampa kiwanja ajenge ghala. Hapo ndipo kurasa zangu zilipoishia, nikaona inatosha, mtu ameshatajirika, kimebaki nini tena zaidi ya kula? Na mchumba wangu Rehema naye ni binti wa mwalimu, mstaafu wa Sepuka. Nikajua mwandishi alikuwa ananiandika mimi.

Siku ya mahari tulikwenda Sepuka na baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, na njia nzima alinikumbusha kwamba kazi yangu ni kutoa shikamoo na kunyamaza. Mambo yakaenda vizuri ajabu, akawashusha kutoka ng'ombe kumi na wawili mpaka sita, ikabaki kushikana mikono tu. Hapo mzee, baba yake Rehema, kwa ukarimu wake, akaniuliza maisha nayaonaje. Kusema namshukuru Mungu kungetosha. Mimi nikaeleza riwaya nzima, nimesimama (sijui nilisimama saa ngapi), mikono inapaa, punda, chumvi, soko, ghala, baba mdogo ananivuta koti kwa nyuma nikadhani ananipongeza.

Mzee akavua miwani. "Na wewe unataka kuwa kama yeye?"

"Kabisa, baba."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, baba. Siachi hata hatua moja."

Akawageukia ndugu zake akasema jambo kwa Kinyaturu, sebule nzima ikacheka, na mimi, Mnyiramba wa Misigiri nisiyejua hata neno, nikacheka kuliko wote ili nisionekane mgeni. Kisha akanieleza kwa upole wa mwalimu kwamba kitabu hicho alikifundisha mpaka anastaafu, na mwishoni yule kijana anamfukuza baba mkwe nyumbani kwake ili apate pa kuweka magunia, mzee anafia barazani kwa jirani.

Nikaketi. Nikajitetea kwamba changu kilichanika, ndiyo maana nilipunguziwa bei, na shangazi mmoja akasema, "Kumbe ndivyo unavyonunua, unatafuta kwanza palipochanika." Wakacheka upya.

"Ng'ombe sasa ni wanane," mzee akasema. "Sita ni wa binti yangu. Wawili nitawauza siku utakaponitoa humu ndani, nipate kodi ya chumba."

Baba mdogo akafungua mdomo aanze kupatana. Lakini Rehema alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe, hacheki, ananitazama aone kama hata hapo nitaomba punguzo. Nikamtangulia baba mdogo, nikasema nimekubali, bei ya kwanza, mara yangu ya kwanza duniani. Ndipo Rehema akacheka, nikajua nimeoa.

Wale wawili wako zizini wamenenepa, na kila nikienda mzee ananipeleka kuwaona, ananiambia bado hajawauza. Kwa hiyo nimeapa: kwa wakwe nasifia ugali tu, na huo nao nikishaumaliza.