Maji Niliyoyamwaga Newala

Maji yakimwagwa uani, chwaa, hata yawe yale ya kuoshea masufuria, mimi hushtuka mpaka leo. Wanangu hunicheka, wanasema mama anaogopa maji kama paka. Ninyi wasomaji angalau hamtanikatiza, basi kaeni niwaeleze sauti hiyo ilinipata wapi.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, kabla bomba halijafika Newala. Nilikuwa na miaka minane au tisa, naishi na Bibi yangu mtaa wa Mkomaindo, pale Masasi. Mjomba wangu Hilari, fundi seremala, alikwenda Newala kutengeneza madawati, akarudi na ugonjwa usio na dawa hospitalini: alikuwa amemwona msichana aitwaye Esta. Tangu hapo akawa anaranda ubao mmoja asubuhi hadi jioni, mpaka ubao unabaki kijiti cha kuchokolea meno. Bibi akaona afadhali twende tukapose kabla mbao za Masasi nzima hazijaisha.

Sasa, kwetu kusini mwanamume akioa ndiye huhamia kwa mkewe. Kwa hiyo hatukuwa tunakwenda kuchukua mtu, tulikuwa tunakwenda kumtoa wetu, na wenyeji walikuwa na haki ya kumkagua pamoja na ukoo wake wote, kama mbuzi wa mnadani. Njia nzima Bibi alinihusia, "Mjukuu wangu, huko watatutazama kabla hawajatusikiliza. Ukiona kazi, ifanye bila kuambiwa." Shikeni maneno hayo.

Tulipanda lori la kubeba chumvi. Barabara ile sijaona ya kufanana nayo. Mchanga ulikuwa mwingi hata nikadhani bahari ilihama ikasahau kitanda chake, na shimo moja tuliliingia asubuhi tukatoka saa sita mchana. Tulipofika kwenye mlima wa kupandia uwanda wa Makonde, lori likaanza kulia kama mtu aliyenyimwa mboga. Utingo akaruka chini na gogo lake, kila gurudumu likitaka kurudi nyuma analichomekea. Abiria tukashuka, tukapanda kwa miguu huku tukiimba nyimbo za kanisani ili kulitia moyo. Tulifika juu kabla yake.

Na huko juu ndugu zangu macho hayakunitosha. Hewa ilikuwa baridi kama imetolewa mtungini, inanukia maua ya mikorosho. Nyua zilifagiliwa zikabaki na mistari ya ufagio kama daftari jipya. Mji wenyewe ulikuwa boma, maduka machache na nyumba za udongo, lakini ulikaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyeketi kwenye kizingiti cha nchi. Chini, mbali, mto Ruvuma ulikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani, na ng'ambo yake ilikuwa nchi ya Wareno. Nikaamini kwamba dunia inaishia pale, na watu wa Newala wamepewa kazi ya kuishikilia isiporomoke.

Tulipokewa na bibi yake Esta, Bibi Magdalena, ambaye neno lake ndilo lililokuwa neno la nyumba ile. Alikuwa na chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti ambacho wanawake wa Kimakonde wa zamani walijipamba nacho kwenye mdomo wa juu. Nikampa shikamoo nikiitazama ndonya tu. Akajibu, "Marahaba, mjukuu," nayo ikapanda ikashuka.

Tulikuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Esta akaleta bakuli la maji. Akanawa Bibi, akanawa Mjomba, nikanawa mimi wa mwisho, maji yakawa rangi ya chai. Kwetu Masasi, ambako kisima kilikuwa nyuma ya jiko, mtoto wa mwisho kunawa ndiye humwaga, na mwenye adabu hangoji kutumwa. Nikaliinua bakuli, nikatoka nalo uani kwa madaha, nikarusha: chwaa.

Kuku wakaja mbio wakaanza kudonoa ule mchanga uliolowa. Hata wao walijua thamani ya nilichokimwaga. Pale juu hakukuwa na kisima, na maji yale yalikuwa hayajafika hata nusu ya safari yake. Baada ya mikono yetu yangelowekewa makopa ya muhogo, kisha yangeoshewa vyungu, kisha yangenywewa na mbuzi.

"Kumbe watu wa bondeni mmetuletea mvua," alisema Bibi Magdalena.

Bibi yangu akataka kuomba radhi. Mwenzake akamkatiza taratibu, "Pole na safari, mama. Maneno mliyokuja nayo tuyalaze kwanza. Mtu wa ukoo wa kumwaga hivi, nikimkaribisha hapa, mjukuu wangu atachota mpaka shingo izame mabegani." Akanigeukia. "Kesho aliyemwaga akachote. Nataka kuona atarudi na nini."

Mjomba hakula siku ile. Alinitazama kama msumari uliopinda.

Alfajiri Esta alinipa mtungi mdogo na ngata ya majani ya kuwekea kichwani, yeye akachukua mtungi mkubwa, tukashuka. Mteremko ule, nawaambieni, ukidondosha kibao asubuhi, sauti yake utaisikia jioni. Wanawake walikuwa wameshatangulia kabla ya nuru, na kule chini kwenye chemchemi wameketi kwa foleni, kila mmoja akingoja maji yajikusanye kidogo ndipo achote kwa kibuyu. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyedondosha tone. Nimeona mengi baadaye, sijaona tena kazi nzito inayofanywa kwa unadhifu kama ule.

"Esta, ndiye huyu aliyemwagilia ua wa Bibi Magdalena?" akauliza mmoja.

"Habari zimeshuka mlima kabla yenu," akadakia mwingine. "Mtoto, kwenu mnaogesha hata miti?"

"Mwacheni," Esta akasema. "Huyu ni mgeni wangu."

"Mgeni au mpwa wa mchumba?"

Wakacheka. Esta akainamia kibuyu chake, akachota kwa bidii ambayo haikuhitajika.

Kupanda sasa. Kila hatua mtungi ulinimwagia maji shingoni. Nilisimamisha mwili kama mlingoti, nikauma meno, nikamwomba Mungu na watakatifu wote niliowajua. Karibu na kileleni Esta akasema, "Tupumzike. Nenda kachume majani mabichi tufunike mtungi wako, yasirukeruke." Nikaenda, nikachagua majani mazuri. Niliporudi nilichungulia: mtungi wangu ulikuwa umejaa hadi shingoni! Nikajisifu moyoni. Nikaona kwamba nimezaliwa na kipaji cha kubeba maji ambacho Masasi hawakukitambua.

Uani walikuwa wanatusubiri wote. Bibi Magdalena akaondoa majani, akatumbukiza kidole, akasema, "Hm." Kisha akachungulia mtungi wa Esta. Ulikuwa chini ya nusu.

"Na wewe leo umekuwaje? Umetembea kama mgeni."

"Niliteleza, Bibi."

Bibi kizee akamtazama kwa muda mrefu. Akamtazama Mjomba, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kufunga kamba ya kiatu. Ndonya ikapanda, ikakaa huko huko juu.

"Haya," alisema. "Leteni maneno yenu."

Mjomba alihamia Newala mwaka uleule, akajifunza kuoga kwa kopo moja na kubakiza. Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba ndoa ile niliiokoa kwa shingo yangu. Nilikwisha kuwa mama, nimeanza na masomo ya jioni, bomba limefika na foleni yake, nilipokaa siku moja nyumbani kwa Mjomba na Esta nikiwasimulia watoto wao jinsi nilivyopandisha mtungi mzima bila kumwaga tone. Esta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Ulikuwa umelowa mpaka kiunoni," aliniambia. "Hebu niambie, hayo ya mtungini ulidhani yametoka wapi?"

Nikarudi kwa mawazo kwenye ule ua, nikaona upya alichokuwa amekiona yule bibi kizee, ambaye alipanda mteremko ule tangu usichana wake na alijua kabisa kwamba mtoto wa bondeni hawezi kufika na mtungi uliojaa, na kwamba mjukuu wake hajawahi kuteleza. Hakuwa na haja ya kumwuliza Esta kama anamtaka seremala wetu. Alichungulia tu mtungi wenye upungufu, akasoma jibu.