Nyuzi Kwenye Fizi, Kigelegele Kooni

Daktari alinipandikizia vyuma viwili kwenye taya la juu, pale yalipokuwa meno yangu ya mbele, akanishona, kisha akaanza masharti: usitumie mrija, usiteme mate kwa nguvu, usipanue mdomo. Nikamuuliza, "Na vigelegele?" Akacheka. Mie sikucheka hata kidogo. Jumamosi ile washenga walikuwa wanakuja kwetu Mbagala kuchukua jibu la posa ya binti yangu wa mwisho. Tarehe ya daktari niliipanga mapema, wao wakaivuta siku yao karibu bila haya. Na nyumba inayomkubali mkwe kimyakimya, watu watasema ilikuwa imeshamchoka mtoto.

Wifi yangu alijitolea kupiga yeye. Kigelegele chake kinakatika katikati kama jenereta bovu. Nikamkatalia.

Basi nikalala sebuleni, shavu limevimba, barafu imefungwa kwenye kitambaa. Mama yangu alikaa pembeni tukinywa uji. Mie nimekatazwa kutafuna, yeye hana jino hata moja. "Leo tumelingana," akasema, akachekelea.

Zamani mama ndiye alikuwaga bingwa. Akipiga, wanawake wa mtaa mzima waliacha sufuria motoni wakaja mbio kuuliza nani kajifungua. Mie alinifundishia uani, kiganja juu ya mdomo, mpaka ulimi ukaniuma. Na kila alipopiga, baba, kibarazani na kahawa yake, alipaza sauti: "Taratibu mama watoto, bati litang'oka!" Maneno yaleyale, miaka yote, na sisi watoto tulicheka kila mara. Nazikumbuka siku zile mpaka roho inaniuma.

Baba alipofariki, mama akaacha. Harusi za wanangu wakubwa alikaa kimya, nikapiga mie. Ijumaa nikamwomba anipigie yeye.

"Niache," akasema. "Hicho nilishakizika."

Jumamosi washenga wakakaa mkekani. Kaka yangu, akiwa msemaji wetu, akatamka: tumekubali. Kimya. Wifi akajikohoza, nikamkata jicho. Chini ya pazia la chumbani niliiona miguu ya binti yangu, imesimama tuli, inasubiri. Nikasema liwalo na liwe, nikaitoa kanga niliyofichia uvimbe usoni, nikapanua mdomo.

Mama akanichapa kofi la paja. "Funga hilo domo, nyuzi zitafumuka!"

Akainuka, akishika ukuta. Akaweka kiganja juu ya mdomo. Kilianza chembamba, kikitetemeka, nikaogopa kitakatika. Kisha kikapanda, kilekile cha uani kwetu, na majirani wakaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Miguu chini ya pazia ikarukaruka. Kumbe meno hayakuwa na kazi yoyote, na mie nimejitesa bure kuhangaika nayo!

Mama alipomaliza, aligeuza uso kuelekea kibarazani. Akabaki hivyo, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Washenga walidhani amechoka. Mie nilijua anasikiliza nini.

Midomo imevimba, mate yananitoka, nikasema kwa sauti niliyoweza: "Taratibu mama watoto, bati litang'oka."

Mama akanitazama. Akacheka, kisha akalia, akaivuta kanga yangu akajifuta machozi. Halafu akapiga cha pili.