Msichana wa Mbuzi Ambaye Televisheni Ilimsahau

Kitabu hicho nilikisikia kabla sijakisoma, na nilikisikia nikiwa na mahindi mkononi.

Kwetu, nje kidogo ya Kitale, mahindi yakishavunwa na kukauka, sisi watoto tuliketishwa kwenye turubai kupukuchua. Wenye mashamba makubwa walikuwa na mashine. Sisi tulikuwa na vidole gumba. Kazi hiyo inachosha na inachubua, na mtoto mwenye akili hukumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda chooni. Mama yangu alifundisha watoto wa nasari, kwa hiyo hila zote za choo alizijua. Dawa yake ilikuwa kukaa mbele yetu na kitabu kinene cha Kiingereza alichoachiwa na mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao. Alikifungua gotini akatusomea moja kwa moja kwa Kiswahili. Ukisimama, anakifunga. Ukikaa, hadithi inaendelea.

Ilikuwa hadithi ya nchi iliyoonewa na joka. Joka lenyewe lilikuwa jekundu, liliishi pangoni mlimani, na lilikuwa limeikalia chumvi yote ya nchi, hivyo mfalme na watu wake walikula mboga chapwa. Hapo hatukuona ajabu yoyote. Mlima Elgon tuliuona kila asubuhi, na kila mtu alijua kwamba ndovu wa huko huingia mapangoni kulamba chumvi. Kama ndovu anaipenda, joka je? Basi mwana wa mfalme akatumwa kwenda kulipiga, na njiani akakutana na msichana wa mbuzi.

Huyo ndiye niliyempenda. Alichunga mbuzi wa mfalme, alikuwa mfupi, mwenye mdomo, na akinuna hata beberu alimpisha. Alimuuliza mwana wa mfalme maswali ambayo jumba lote la kifalme halikuwahi kumuuliza. Umebeba chakula gani? Huo upanga umenolewa lini? Mvua ikinyesha utajikinga wapi? Mwana wa mfalme hakuwa na jibu hata moja, ikabidi waende pamoja. Na walipofika, pango likawa jembamba, mabega ya mwana wa mfalme yakakwama mlangoni, na msichana ndiye aliyepenya ndani peke yake, na kamba yake ya kufungia mbuzi na ule upanga. Ikifika sehemu hiyo nilikuwa naacha kupukuchua kabisa, na mama hakunigombeza.

Tulisomewa hadithi hiyo kila msimu, na niligundua mapema kwamba urefu wake ulitegemea mavuno. Mwaka wa mahindi mengi, joka lilikuwa na vichwa saba, na kila kichwa kilikuwa na hotuba ya kutoa kabla ya kukatwa. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema, lilikuwa na kichwa kimoja, tena chenye homa, likafa kabla magunia hayajaanza kushonwa. Mimi nilidhani vitabu vya Kiingereza ndivyo vilivyo.

Nilipokuwa darasa la sita, mwishoni mwa miaka ya themanini, mdogo wake mama alikuja kututembelea. Aliishi Kanduyi, pale Bungoma, mumewe alikuwa mtumishi wa serikali, na walikuwa na stima na televisheni. Alituletea habari kwamba kile kitabu cha mama kimefanywa mchezo, na kitaonyeshwa kila Jumapili jioni likizo yote ya Agosti. Mimi niliruka juu. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na sikujua kinachomchekesha.

"Wacha huyu aje akae kwangu," mama mdogo akasema.

"Aende," mama akajibu. "Aende aangalie kama hao watu wamefuata kitabu. Halafu aniletee ripoti."

Sijawahi kupewa kazi iliyonifaa zaidi. Niliingia Kanduyi kama mkaguzi wa shule. Kabla hata chai haijapoa nilikuwa nimewasimulia binamu zangu kila kitu, hasa msichana wa mbuzi. Binamu mkubwa, msichana wa kidato cha pili aliyejua mambo yote ya mjini, alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Haya," akasema. "Tutamuona."

Jumapili ya kwanza tulijazana sebuleni pamoja na majirani. Kaka yao alikuwa nje akizungusha mlingoti wa eriali.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Imekuja! Ai, imeenda tena!"

Hatimaye chenga zikapungua tukamwona mfalme. Joka lilikuwa la kijivu, lakini na mfalme pia alikuwa wa kijivu, na nyasi vilevile, kwa hiyo hilo nililisamehe. Kisha mzee mmoja mwenye ndevu akasema kwamba joka linalinda dhahabu.

"Si dhahabu! Ni chumvi!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, bana!"

"Ati dhahabu! Joka litauza dhahabu soko gani?"

Mume wa mama mdogo, mtu mpole, akasema pengine chumvi ilikuwa chini ya dhahabu. Kosa hilo nililiweka kichwani. Mwana wa mfalme akaondoka nyumbani bila chakula chochote. Akavuka mto, akapita msitu, na hatukuona hata ukwato wa mbuzi.

"Yuko wapi msichana wako?" binamu mkubwa akauliza.

"Anakuja. Si ungoje?"

Jumapili ya pili hakuja. Jumapili ya tatu akatokea mwanamke kwa mbali amebeba kitu. Nikasimama mbele ya watu wote nikinyoosha kidole. "Huyo! Huyo!" Alikuwa muuza mikate. Akauza mkate mmoja akaenda zake, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Tangu siku hiyo nikitumwa dukani majirani waliniuliza, "Sasa? Msichana amefika?" Hawakuwa na ubaya, lakini waliniuliza kila siku. Jumapili ya mwisho asubuhi, wakati wenzangu kanisani wakiombea wagonjwa, mimi nilimwomba Mungu amfikishe msichana wa mbuzi pangoni kabla ya jioni.

Jioni pango likaonekana. Lilikuwa pana, lori la miwa lingeweza kuingia na kugeuza. Mwana wa mfalme akaingia na mabega yake yote mawili, akalichoma joka, akatoka na dhahabu, muziki ukapigwa, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Binamu mkubwa aliniambia, "Pole. Labda walimkata," nami nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Nilirudi Kitale na ripoti yangu ikiwa moto. Mama alikuwa anakata sukuma wiki.

"Wameharibu kila kitu! Wameweka dhahabu! Na msichana wa mbuzi wamemtoa kabisa!"

"Hawakumtoa," mama akasema, kisu kikiendelea. "Hayuko kwa kitabu."

Nilimsogelea mpaka karibu na kisu. Nikauliza, "Na chumvi?"

"Kitabu kinasema dhahabu. Mngeelewa dhahabu nyinyi?"

"Na msichana je?"

"Mimi nilisoma hicho kitabu nikachoka na huyo kijana. Anatembea siku mingi, hakuna mtu anamuuliza amekula nini. Nyumba yote ya mfalme, na hakuna mtu wa kuchunga wala wa kupika. Nikaona wamesahau mtu. Nikamuweka."

"Lakini mbona ana hasira hivyo?"

Mama akaweka kisu chini.

"Si ulikuwa umekaa hapo mbele yangu, unapukuchua, umenuna? Nilikuwa nakuangalia tu."

Nilikasirika sana. Mwezi mzima nilikuwa nimechekwa na Kanduyi yote kwa ajili ya mtu aliyezaliwa juu ya turubai letu. Hasira hiyo niliibeba siku kadhaa, mpaka siku moja nikichota maji nikatambua kwamba miaka yote hiyo, aliyepenya pangoni ni mimi, na aliyenipeleka alikuwa mama. Nilifurahi nikamwaga maji. Hasira yenyewe nikaihamishia kwa televisheni, na mpaka leo iko huko.

Desemba binamu zangu wote waliletwa kwetu kwa Krismasi. Mama hakuwa mtu wa kulisha wageni bure, akawaweka kwenye turubai. Mavuno yalikuwa mazuri mno. Vyungu navyo vilikuwa vingi, kwa hiyo akanitupia kitabu magotini akarudi jikoni. "Leo soma wewe."

Kiingereza changu kilichechemea, lakini nilisonga. Nilimsoma mfalme, nikamsoma mzee wa ndevu, na palipoandikwa dhahabu nikasoma chumvi bila kupepesa macho. Binamu mkubwa, ambaye tayari alikuwa na malengelenge kwenye vidole gumba, alinyoosha shingo akachungulia ukurasa. Yeye Kiingereza alikijua vizuri. Aliona kilichoandikwa, nami nikaona kwamba ameona. Mwana wa mfalme akafika chini ya mlima, na mstari uliofuata ulisema akaupanda peke yake.

Nikasita.

"Si usome," binamu mkubwa akasema, huku akichukua hindi jingine. "Hapo ndio msichana anakuja."

Nikainamia ukurasa ule usio naye, nikamsoma.