Vyungu vya Shangazi Barazani

Ni mimi niliyeandika kile kibao. Mwezi mzima nilimwambia shangazi yangu kwamba kiliwekwa na waandaaji, watu wa heshima, ambao walisingiziwa bila kujua.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jua likishapoa, mtaa wa maduka hapa Kyela mjini hufungwa kwa kamba kwa ajili ya maonyesho ya sanaa, magari yakazungukia nyuma. Niliposikia wazo hilo nilicheka. Chuo kikuu walinifundisha kucheka mambo kabla sijayaona. Kisha nikaenda. Kwaya ya Ipyana ilikuwa ikiimba mbele ya duka la vipuri, ngoma za Ngana zikisubiri zamu, na binti mmoja akichora ziwa kwenye mlango wa bati. Mama mmoja aliuza kakao ya moto, na wakulima walioilima miaka yote wakawa wanaionja kwa mara ya kwanza, wakitazamana kama watu walioambiwa jirani yao ni chifu. Niliwapenda wote.

Mwezi uliofuata nikamwita shangazi. Sisi ni Wakisi, na yeye hufinyanga vyungu huko ufukweni mwa ziwa. Muuza vitambaa mmoja, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alimpa baraza la duka lake bure. Shangazi alivuka na vyungu kwa mtumbwi hadi Matema, kisha akapanda gari navyo, vimefungwa kwa nyasi.

"Visipouzika siji tena," alisema. "Mgongo huu si wa kutembeza vyungu."

Basi nikamsaidia. Alipokwenda kunawa, niliandika kwenye kipande cha boksi: SANAA YA KUPAMBA, SI YA KUPIKIA. Niliwaza, watu wa mjini wanapikia gesi. Chungu watakitaka kabatini. Watu walisifu, wakapiga picha, wakagonga vyungu kwa kidole, wakasoma, wakaondoka. Shangazi, aliyesahau miwani nyumbani, hakuelewa mpaka mwenye baraza alipomsomea.

"Nani kaandika?"

"Waandaaji," nikasema.

"Chungu kisichopikia ni tope lenye majivuno!"

Akarudi navyo vyote, isipokuwa kimoja alichomwachia mwenye baraza kwa shukrani.

Mwenye baraza hakutii kibao. Alikizoesha chungu chake moto kwa kuchemshia maji ya mchele, akapika samaki wa mbasa kwa nazi, akapeleka bakuli kwa majirani. Wiki hiyo hiyo wakaanza kunisimamisha njiani: yule mama wa vyungu anarudi lini? Mwezi ulipokaribia kuisha, mwenye baraza mwenyewe alinishika mkono.

"Dada, mwandiko ule ni wako. Mpigie mwenyewe."

Nikapiga, nikiwa nimeandaa maelezo marefu yenye utangulizi.

"Shangazi, kibao niliandika mimi."

"Najua. Ulisema 'waandaaji' huku unatazama miguu, kama baba yako akidanganya."

Utangulizi ukaniishia hapo. Nikamweleza habari za mbasa na watu wanaomuulizia.

"Wanataka vya kupikia?"

"Vya kupikia, Shangazi."

"Basi nitakuja. Lakini mimi nauza, wewe unapika palepale barazani, watu waone."

"Shangazi, nyumbani mimi napikia gesi. Chungu sijakigusa tangu nianze chuo."

"Ndiyo maana nakuja Ijumaa, si Jumamosi," akasema, akakata simu.