Fundi Sikio na Mvumo wa Gurudumu la Mbele

Kwa miaka thelathini watu walimwita Fundi Sikio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Gari lilipoingia getini yeye alikuwa amelala chini ya gari jingine, inaonekana miguu tu, na kutoka huko huko chini utamsikia, "Huyo mkanda wake umelegea," au, "Mwambieni azime, valvu zinagonga." Mwenye gari akishuka kueleza shida yake, anakuta imeshaelezwa. Fundi hakujisifu. Alizaliwa na masikio mazuri kama wengine wanavyozaliwa na meno mazuri, na kwa hayo masikio alilisha nyumba na kusomesha mabinti wawili.

Gereji ilikuwa uwanja wenye ukuta wa matofali pande tatu, na paa la mabati upande mmoja tu. Aliiendesha pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye utani mwingi, ambaye kazi yake ilikuwa injini na kubishana na wauza vipuri.

Alipofikisha miaka hamsini na sita, masikio yakaanza kumtupa mkono. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege wa asubuhi, mlio wa simu, filimbi ya birika. Kisha maneno ya watu yakawa yanakatika mwisho. Akajifunza kutazama midomo. Mtu akimsemesha kwa nyuma, alijibu "sawa sawa" na kumwomba Mungu lisiwe swali.

Hakumwambia mtu. Siku moja dereva wa teksi alileta gari lenye mlio kwenye gurudumu. Fundi akazunguka nalo mtaa mzima, hakusikia kitu, na badala ya kusema hivyo akakisia. Akabadilisha shafti, chuma kinachozungusha gurudumu. Kesho yake teksi ikarudi na mlio wake ule ule, na dereva akamwambia mbele ya wateja, "Mzee, siku hizi unabahatisha." Neno hilo alilisikia lote. Tangu hapo akajibanza kwenye kumwaga oili na kufunga pedi za breki, kazi zisizohitaji kusikilizwa, na magari yenye milio akamsukumia shemeji.

"Shemeji, umeanza kuchagua kazi kama bibi harusi achaguavyo viatu," shemeji alimtania. Fundi alicheka kwa adabu. Neno la mwisho, viatu, hakuwa amelisikia.

Ndipo alipokuja mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani, na stesheni wagoni lake la rangi ya maziwa. Alilinunua mwaka aliopandishwa cheo, na sasa lilikuwa na umri wa kuoa. Alisimama katikati ya uwanja akamweleza shemeji shida yake bila kuruka kitu. Nikifika kilomita sitini kwa saa, alisema, mbele kunaanza kuvuma, kama mtu anayepuliza chupa. Nikifika themanini siwezi hata kusikia redio. Gereji ya kwanza walimwekea matairi mapya ya mbele. Ya pili wakabadilisha pedi za breki. Ya tatu wakabadilisha beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoliwezesha gurudumu kuzunguka. Wakafunga mpya upande wa kushoto, kwa sababu kila aliyepanda aliapa kwamba kelele inatoka kushoto. Mvumo haukupungua hata chembe. Mwanawe alishamwambia auze huo mkweche kwa watu wa chuma chakavu.

"Nimeambiwa hapa kuna mtu anaitwa Sikio," alimaliza. "Ndiye ninayemtaka."

Shemeji akamwonyesha kwa kidole. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na jibu la kwamba ana kazi nyingi lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mwalimu alimfuata, akasimama mbele yake uso kwa uso, akarudia habari yote neno baada ya neno, kama mtu anayesomea watoto imla. Fundi hakupoteza silabi hata moja. Labda hilo ndilo lililomlegeza.

"Mwalimu, nikudanganye au nikwambie ukweli?"

"Waliotangulia wamenidanganya vya kutosha."

"Sisikii vizuri. Huu mwaka wa tatu. Gari lako likivuma, mimi huo mvumo sitausikia."

Shemeji, aliyekuwa ameinamia injini jirani, akainuka taratibu. 

Mwalimu alimtazama fundi mikononi. "Na mikono yako?"

"Mikono ipo."

"Akili?"

"Nayo ipo."

"Basi masikio nitakuazima mimi. Twende."

Walikwenda barabara ya nyuma ya maghala, pana na nyoofu, ambayo saa nne asubuhi haina magari mengi. Fundi alishika usukani, mwalimu akakaa kando yake, na shemeji, ambaye hakualikwa, akajaa kiti cha nyuma. Makubaliano yalikuwa mepesi. Mwalimu aweke mkono juu ya dashibodi. Mvumo ukipanda aupandishe, ukishuka aushushe.

Walipofika sitini, mkono ukapanda. Fundi akatoa gia, akaacha gari liserereke lenyewe. Mkono ukabaki juu. "Basi si injini wala gia," alisema. Akagusa breki kidogo. Mkono haukutikisika. "Si breki." Kisha akaanza kuliyumbisha gari taratibu, kushoto na kulia. Alipokata kulia, mkono ulishuka mpaka ukalala kwenye dashibodi. Alipokata kushoto, ulipanda karibu na paa. Akarudia mara tatu, na mara tatu ikawa vile vile.

Shemeji akasogeza uso katikati ya viti ili aonekane. "Si unaona? Ukienda kushoto ndipo inalia. Ni ile ile ya kushoto, walimfungia beringi mbovu."

Fundi akaegesha pembeni. "Ukikata kushoto, gari linaegemea wapi?"

Shemeji akainamisha mwili wake kama aliye kwenye kona. Akafikiri. "Kulia."

"Uzito wote unaenda kulia. Gurudumu la kulia ndilo linalobebeshwa, nalo ndilo linalolalamika."

"Lakini mimi naisikia kushoto," alisema mwalimu. "Naisikia kabisa."

"Chuma kinabeba sauti kama bomba linavyobeba maji, Mwalimu. Inatokea inapopenda. Nyinyi wenye masikio ndio mnaodanganyika." Akacheka, na shemeji akakumbuka kwamba hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu sana.

Kukisia kwa hoja bado ni kukisia, na fundi alishachoka na hilo. Waliporudi, wakainua magurudumu yote mawili ya mbele kwa jeki na kuweka stendi chini. Shemeji akashika tairi la kulia juu na chini, akalitikisa kwa nguvu zote. Halikucheza. "Hii nzima, shemeji," alisema kwa wasiwasi.

Fundi alihamia upande wa pili. Alipiga magoti kwenye gurudumu la kushoto, akapitisha mkono mmoja kwa nyuma mpaka kwenye springi, ile koili nene inayobeba gari, akaigusa kwa ncha za vidole. Kwa mkono mwingine akalizungusha gurudumu. Akafumba macho. Springi ilitulia kama ukuta wa nyumba.

Akahamia kulia, akafanya vile vile. Hapo vidole vikapata habari. Ilikuwa mikwaruzo midogo midogo, kama sukari inayosagwa chini ya kiatu, ikija na kupotea kila gurudumu lilipomaliza mzunguko.  Alizungusha tena, pole pole zaidi, kwa kutaka tu kuihisi tena.

"Njoo ushike," alimwambia shemeji.

Shemeji akashika. "Sihisi kitu."

"Umeikaba kama mwizi. Iguse tu."

Shemeji akalegeza vidole, na uso wake mnene ukabadilika. "Ipo," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji, ipo."

Mwalimu naye akatandika boksi la karatasi, akapiga magoti na sketi yake, akagusa. Alikaa pale muda mrefu kuliko walivyotegemea. "Kama paka anayekoroma," alisema.

Kuitoa haikuwa kazi ya mchezo. Nati kubwa ya katikati ilikuwa imegandana na kutu, ikabidi wachomeke bomba refu kwenye spana na shemeji aning'inie. "Leo kilo zangu zimepata ajira," alisema, na nati ikaachia kwa mshtuko, naye akakaa chini bila kupenda. Beringi ilipotoka, fundi aliipasua, akafuta grisi, akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye njia ya gololi palikuwa na sehemu ndogo kama ukucha, chuma kimebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Akampa mwalimu. Mwalimu akapitisha kidole gumba.

"Miezi minne ya kuhangaika," alisema, "kwa kidonda kama hiki."

Saa tisa alasiri walikuwa tena nyuma ya maghala, na beringi mpya upande wa kulia. Sitini. Themanini. Mkono wa mwalimu ulilala kwenye dashibodi kama umesinzia. Tisini. Fundi hakuweza kusikia ukimya, lakini sakafu ilikuwa imetulia chini ya nyayo zake na usukani ulikuwa laini viganjani. Alipogeuka kumtazama mwalimu, alimkuta amewasha redio na anaimba kwa sauti, kwa midomo mikubwa iliyo wazi, wimbo mzima. Nyuma shemeji alikuwa akipiga kiti makofi.

Jioni hiyo alimwambia mkewe habari ya masikio yake. Mkewe aliweka sahani mezani, akaja akakaa mbele yake. "Nilikuwa nasubiri useme," alisema. "Unadhani kwa nini siku hizi nakufuata mpaka uani nikikuita? Napenda kutembea?" Wiki iliyofuata alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, wakampima, wakampa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimrudishia maneno ya watu, na hilo lilimtosha.

Mwalimu alikuwa amefundisha nusu ya mji, na nusu hiyo aliihadithia yote. Magari yenye milio yakaanza kupanga foleni nje ya geti. Fundi alimtafuta yule dereva wa teksi, akamwambia ukweli, akamtengenezea gari lake upya. Na mafundi wa gereji nyingine, wakiwemo wawili walioshindwa na stesheni wagoni, wakaanza kuja kila Ijumaa alasiri kujifunza. Mpita njia angewakuta watu wazima wamepiga magoti kuzunguka gari lililoinuliwa, macho wamefumba, kimya, akadhani kuna maombi. Mwanafunzi alipofumbua macho na kutaja gurudumu bovu bila kukosea, fundi alimpigia makofi kama mtu aliyeona goli.