Tunachimba barabara ya antene isiyokuja

Admin, unifiche jina, na jina ya kilima chetu pia. Ukikitaja tu, Fizi yote itajua ni miye, juu miye ni muntu wa kujulikana.

Niko mama mujane wa miaka hamsini na mbili, masomo nilifikia ya sita primeri. Lakini musinione hivyo. Kwa ile samaki ndogo ya ndagala niliyobebaka kichwani kutoka Baraka kupandisha nayo milimani, nilisomesha mutoto mwanamuke mpaka Lubumbashi, na leo iko enjenieri. Anatumika kwa sosiete yenye kuuzisha na kusimamisha mashini za antene, zile zenye kuleta rezo na enternete. Hata jina yangu ya ubatizo bantu baliisahau, baniita Mama Enjenieri. Na miye naitika haraka.

Kwetu rezo ni mateso. Ukitaka kupiga simu unapanda kwenye jiwe, unanyoosha mukono juu kama muntu anaomba Mungu. Mukamwana wa rafiki yangu Mama Neema alizalia njiani, juu hakuna aliyepata rezo ya kuita pikipiki. Mutoto aliishi, Mungu asifiwe, lakini ile siku hatujaisahau.

Basi binti yangu akakuja na kimashini chake kupima. Akaniambia: "Mama, kuko vilima bili sosiete inaangalia, chetu ni kimoja. Labda antene itasimama hapa." Miye ile "labda" haikuingia masikioni. Siku ya yenga nikasimama kanisani, nikatangaza: antene inakuja! Bamama bakapiga vigelegele. Shefu akaweka salongo: kila siku ya posho, ile ya mbele ya yenga, wote tutoke na majembe, tufungue barabara ili kamiyo ya vyuma ipande.

Siku ile ile, kisha ibada, binti akaomba bamama bamuonyeshe telefone zao. Mama Neema akataka kukimbia aazime ya kioo ya mukwe wake. Nikamushika kitenge: "We Mama Neema! Enjenieri wangu hadanganywi. Toa yako!" Bakatoa zile ndogo za kubonyeza, ingine imefungwa na kamba ya mupira. Tukacheka sana. Mutoto naye anacheka, anaandika.

Mwezi huu nikiwa Baraka sokoni, akanipigia.

"Mama, antene inaenda kule kingine, njia ya Misisi."

"Nani mubaya huyo amekataa kwetu? Nipe jina yake!"

"Ni miye, Mama. Balinituma nipime, nikaandika nilichoona. Sosiete inaweka mashini mupya pale bantu beko na telefone za enternete. Kule kwa zahabu bachimbaji banaangalia video muchana kutwa. Kwetu tunabipa tu, tunakata."

"Haungeongeza hata kidogo? Ni kwenu!"

"Mama, we ulipimaka ndagala mbele ya macho ya muntu, haukufichaka kidole ndani ya kopo. Mi nifiche yangu?"

Ule wimbo ni wangu, miye njo nilimufundisha. Nikajivuna mutoto wangu, na machozi inashuka juu ya ndagala za bantu. Kisha akasema: "Uambie bantu baache kuchimba." Nikasema ndiyo.

Sijasema mpaka leo. Nikifungua kinywa, batasema mutoto wake mwenyewe njo ametunyima. Na sikukuu ya Noeli binti anakuja kupumuzika. Bamama ba kwaya bamekwisha kushona vitenge vya aina moja, banajifunza wimbo wa kumupokea. Yeye hajui kama sijasema kitu. Je, bakijua ni kalamu yake, nani atamusalimia kwenye kilima ambako baba yake analala?

Nimechoka, bandugu. Kwenye salongo miye njo nachimba kupita wote, nabeba mawe makubwa, mugongo haunyooki tena. Bananisifu: "Muone mama wa enjenieri, hana kiburi!" Ile sifa inanichoma kuliko jua.

Siku ya posho iliyopita Mama Neema alikuja anachechemea, kidole cha muguu kimefungwa kitambaa, jiwe lilimuangukia. Jembe iko begani. "Mama Enjenieri! Antene ikisimama nitakupigia nikilala kitandani kwangu, utaamka utake usitake! Ile jiwe ya kupandia kutafuta rezo ibakie yenyewe. Haya, leo tunachimba wapi?"

Nilimuonyesha mahali. Akainama, akaanza.

Bamama na badada munaosoma hii, munipatie shauri. Nimuambie Mama Neema kwanza, sisi babili tu? Ama nisimame kanisani pale pale niliposimamaka? Ama nimungoje mutoto, yeye na uaminifu wake, aseme mwenyewe? Musinitukane, niko najitukana vya kutosha. Lakini mujibu mbele ya siku ya posho, juu batakuja tena na majembe, na batauliza miye.